Manyoya ya Jiwe

Nyuma ya chumba ninachopanga hapa mjini, mtaa wa Nyasho, kuna simtanki la mwenye nyumba, jeusi, limekalishwa juu ya ukuta wa matofali. Bomba lake linavuja. Si kuvuja kwa kutisha: tone moja, unahesabu hadi nne, tone jingine. Mwaka juzi, pale maji yanapopita, paliota kitu cha kijani, kifupi, laini kama manyoya ya kifaranga. Kikatambaa taratibu mpaka kwenye ukingo wa tofali lililotokeza, kikaning'inia hapo. Tangu siku hiyo maji hayakushuka tena na ukuta. Yaliingia kwenye yale manyoya, yakatulia humo, kisha yakadondoka kutoka kwenye ncha zake juu ya ndoo yangu: to, to, to.

Cherehani yangu iko kwenye dirisha la upande huo, kwa hiyo nilikuwa naisikia sauti hiyo kutwa nzima. Ushonaji nilijifunza mwenyewe, kwa kufumua nguo za mitumba na kuzishona upya. Mpaka leo nikiona mshono umepinda kidogo tu, naufumua, naushona, naufumua tena. Wateja wanasema nguo kwangu inachelewa ila haina kasoro. Wananisifia. Mimi najua kwamba mtu asiyeweza kulala kwa sababu ya pindo la sketi ana kasoro nyingine mahali, hiyo ndiyo inayomfukuza.

Alhamisi moja mwenye nyumba alisimama mlangoni kwangu, mikono kiunoni.

"Binti, huo uchafu hapo nyuma umeuona?"

"Nimeuona mama."

"Sasa unasubiri uzae? Chukua brashi. Jumapili nina wageni."

Akacheka, nami nikacheka. Nikachukua brashi ya waya, nikaenda nyuma, nikainua mkono. Mkono ukagoma. Nilikaa juu ya ndoo, rafiki yangu, nikalia mbele ya ukuta, mtu mzima wa miaka ishirini na saba. Nilikuwa sijawahi kumweleza mtu sababu. Wewe nakueleza.

Nililelewa na bibi mzaa mama, katika kijiji kimoja cha Butiama ambako mawe ni makubwa kuliko nyumba. Asubuhi zetu zilianza na pimbi. Walikuwa wanalia juu ya mawe kama watu wanaogombana, kisha zinafuata kengele za ng'ombe, kisha moshi wa kuni mbichi unaingia mpaka kitandani na kuniamsha kwa kikohozi. Bibi alikuwa ameshakoroga uji wa ulezi. Kama kulikuwa na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, aliichemsha ikalainika, nikaila na maziwa mgando nikiwa nimechuchumaa jikoni, miguu ina baridi, tumbo lina moto. Halafu nilichukua ndoo kwenda kisimani.

Tulisema kisima, lakini hakikuwa shimo. Kilikuwa jiwe. Jiwe moja kubwa kama ukumbi wa kanisa, limeinama mbele kama mtu anayetafuta kitu chini. Juu kabisa lilikuwa na ufa, na katika ufa huo maji yalitoka mwaka mzima, masika na kiangazi, kidogo kidogo. Yalishuka kwenye paji la lile jiwe mpaka kwenye ukingo wake wa chini, upande ambao jua la mchana halifiki. Na hapo, kwenye ukingo, yaliota manyoya.

Kamusi nimekuja kuona inayaita kuvumwani. Nyumbani tuliyaita manyoya ya jiwe. Yalikuwa mazito kama zulia, marefu kama kidole changu cha shahada, na yalining'inia kwa mstari mmoja kama pindo la kitambaa cha mezani. Maji ya jiwe zima yalikusanyika humo, yakatoka kwenye ncha zake yakiwa baridi na safi. Nilikuwa na tabia ya kusogeza jicho karibu kabisa mpaka kope ziguse. Kwa karibu hivyo halikuwa zulia tena, ulikuwa msitu. Vishina vidogo, vijani vidogo, na juu yake vijiti vyembamba vyenye vichwa vya kahawia, kama njiti za kiberiti za sisimizi. Pembeni, mahali maji yasipofika, yalikauka kiangazi yakawa ya kahawia, unaweza kuapa yamekufa. Ukiyamwagia maji ya kiganja na kuhesabu mpaka mia, yalifumbuka yakawa kijani mbele ya macho yako. Sijaona kitu kingine duniani kinachosamehe kwa haraka namna ile.

Bibi alikuwa na neno moja kuhusu lile jiwe. "Usimvue nguo huyu," alisema kila nilipochezea yale manyoya. "Ukimvua anaona aibu, anaficha maji." Mimi nilidhani ni maneno yake tu. Bibi aliongea na kuku, na vyungu, na jembe. Angeshindwaje kuongea na jiwe?

Kiangazi maji yalipopungua, kila nyumba ilikuwa na zamu. Unategesha ndoo chini ya manyoya, unakaa, inajaa taratibu wakati unachambua mboga au unasuka ukili. Zamu yetu ilifuatana na ya jirani, na kwa sababu hiyo yeye na bibi walikaa pale pamoja miaka mingi. Jirani huyu alikuwa mtu wa Kisorya, kule ziwani. Aliolewa kijijini kwetu, mume akafariki, yeye akabaki. Wanawake walimwita mama wa ziwani. Ndugu zake wakimletea furu wakavu, visamaki vya ziwani, fungu la kwanza lilikuwa letu, limefungwa kwenye jani la mgomba. Bibi aliwapika kwa karanga, nami nililamba sahani ya ugali wa muhogo mpaka maua ya bati yakaonekana.

Jirani hakwenda kisimani bila sufuria. Alipomaliza kuchota alipiga magoti pale chini, maji yanapopotelea majanini, akachota mchanga na kusugua masizi.

"Mama wa ziwani," walimtania, "hiyo sufuria si utaitoboa?"

"Itoboke tu. Ugali wangu ukiiva nitauona kwa chini."

Bibi alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Ninalitaja hilo kwa sababu sikumbuki mtu mwingine aliyemchekesha bibi namna hiyo. Wala kabla yake, wala baadaye.

Nilikuwa na miaka kumi. Shuleni kila mtoto alikuja na maji yake kwenye dumu la lita tano, na mwalimu wa zamu aliyakagua paredi. Alikuwa mwalimu mkali, mwenye viatu visivyoshika vumbi, na mimi nilimpenda kwa hofu. Nilitaka anione. Daftari langu nilichana kurasa na kuziandika upya ili mistari iwe sawa. Asubuhi hiyo alifungua dumu langu, akachungulia ndani, akalinyanyua juu mbele ya shule nzima.

"Hiki nini? Tumekwambia lete maji, wewe umeleta bustani?"

Ndani ya dumu kulikuwa na utando wa kijani. Shule nzima ilicheka. Mwalimu akasema kijani ndani ya maji ni uchafu, na uchafu ni ugonjwa, na mtoto msafi anaanza kusafisha maji yanakotoka. Kuanzia siku hiyo niliitwa Bustani. Darasani Bustani, njiani Bustani. Mtoto wa chekechea alinipungia mkono: "Shikamoo Bustani!" Wewe ungecheka. Mimi nililala wiki nzima nikifikiria maji yanakotoka.

Jumamosi ilikuwa siku ya mnada. Wanawake waliondoka asubuhi na mapema, bibi naye akaenda na kuku wawili. Nikachukua kipande cha panga, gunia kuukuu na mchanga kwenye kopo, nikaenda kwenye jiwe.

Nitakuwa mkweli: nilifurahia. Yale manyoya yalitoka vipande vipande, kama ngozi ya mbuzi inavyoachana na nyama, yanatoa harufu ya udongo wa mvua ya kwanza. Niliyatupa chini mtelemkoni. Kilichobaki nilikisugua kwa gunia na mchanga, kila mfereji, kila kikunjo, mpaka vidole vikatoka damu. Nikasuuza. Jiwe lilitoka jekundu, safi, halina doa. Nilirudi nyuma hatua tatu kulitazama, nikajisikia kama mtu aliyepata mia kwa mia.

Ndipo nikagundua kwamba kuna ukimya.

Maji yalikuwa yanatoka kwenye ufa kama kawaida. Yalishuka kama kawaida. Lakini yalipofika ukingoni hayakudondoka. Yalitawanyika kwenye upana wote wa jiwe, yakapinda, yakanata kwenye tumbo lake na kutambaa kurudi nyuma, ndani, mahali mkono haufiki. Niliweka kidole ukingoni, tone likafuata kidole likadondoka. Nilipotoa kidole, maji yakarudi zake ndani. Nikaweka tena. Nikatoa. Nilisimama hapo nikijiambia yatazoea. Kisha nikakimbia nyumbani.

Jirani hakwenda mnadani siku ile. Jioni jua likiwa bado lipo, wanawake waliporudi na kupitia kisimani, walimkuta pale peke yake, amepiga magoti, sufuria mbele yake, mchanga mkononi, na manyoya ya jiwe yamezagaa chini ya miguu yake. Kelele nilizisikia nikiwa uani kwetu.

"Umefanya nini wewe?"

"Nimekuta hivihivi jamani."

"Umekuta hivihivi na mchanga mkononi?"

"Mchanga ni wa sufuria! Si mnaniona kila siku?"

"Ndiyo hivyo, kila siku unasuguaga, unasuguaga, leo umemaliza! Kwenu maji mnaoga na ng'ombe, hapa tunakunywa kwa tone!"

Bibi alirudi akaweka kapu chini. Alikuwa ameshapita kisimani. Alinikalisha nile, akaleta maji ya kunawa, akashika mikono yangu. Chini ya kucha zote kumi kulikuwa na kijani. Aliitazama muda mrefu. Nje sauti bado zinapanda na kushuka. Nilisubiri aniulize, na ninakuapia, angeniuliza ningesema. Hakuniuliza.

"Osha mikono," alisema.

Akachukua mwiba, akanisafisha kucha moja moja, polepole, kama mtu anayechambua mchele. Kisha tukala.

Jumapili baada ya ibada walikutana kwenye jiwe. Wenye ufundi walijaribu kutega jani la mgomba, wengine kipande cha bati, wakapata nusu kikombe. Sheria ya kisima aliijua kila mtu: anayeharibu maji anatoka kwenye zamu, anakwenda kuchota lamboni, kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe. Bibi alikuwa mkubwa wao, kwa hiyo walimuuliza yeye. Wewe unayekaa naye kila siku, unasemaje?

Nilikuwa nimejificha nyuma ya kanga yake. Niliuona uso wa jirani. Hakuwa na wasiwasi kabisa. Alimtazama bibi kama mtu anayetazama mlango wa kwake.

"Mimi nilikuwa mnadani," alisema bibi. "Sikuona."

Lilikuwa neno la kweli, kila herufi. Nimelifumua na kulishona miaka kumi na saba, halina kasoro.

Wakamtoa jirani kwenye zamu, ingawa hata zamu yenyewe haikuwa tena na maji ya maana, na kabla ya mwezi kwisha kila nyumba ilikuwa inakwenda lamboni. Walipokutana naye njiani walipisha upande wa pili. Bibi hakumtukana hata siku moja. Aliacha tu kukaa naye. Furu waliisha nyumbani kwetu. Kabla ya mvua kuanza, jirani alifunga mizigo yake kwenye baiskeli ya kukodi. Alipopita kwetu aliegemeza uani ungo wa bibi aliokuwa ameuazima, hakupiga hodi, akaendelea. Bibi alikuwa ndani, anamwona kwa dirishani. Ungo ule aliutundika ukutani na hakupepetea tena nafaka ndani yake mpaka anakufa.

Hakuwahi kulizungumza na mimi. Alizeeka akibeba ndoo kutoka lamboni, shingo imeingia mabegani, nami nyuma yake na kindoo changu, na kila nilipofungua mdomo alianzisha wimbo wa kanisani. Alinipenda, hilo sina shaka nalo. Alinifunika kwa nguo aliyomvua mwenzake.

Nimekuja kuelewa mengine nikiwa mtu mzima. Pale mtaa wa Iringo kuna mzee anatandaza vitabu chakavu barabarani, nikapata kwake kitabu cha baiolojia kisicho na jalada. Nilikisoma kama mtu anayesoma hukumu yake. Kumbe kile kijani cha ndani ya dumu ni mwani, kinazaliwa maji yakikaa juani. Na dumu langu mimi mwenyewe nilikuwa nalianika na mabaki ya maji ndani yake juu ya paa la jiko, mchana kutwa, ili likauke vizuri. Manyoya ya jiwe ni mmea mwingine kabisa. Hauna mizizi ya kunyonya, unakunywa kwa mwili wote, unapenda kivuli, unaota taratibu kuliko ukucha. Hayakuhusika. Nililivua nguo jiwe kwa kosa la dumu langu.

Basi Jumamosi, brashi nikiwa nimeiacha juu ya ndoo, nilifunga cherehani nikasafiri. Nilianzia Butiama. Kijijini sasa kuna bomba la mradi, watoto wanachota huku wakisukumana, na nilipowauliza kisima waliniangalia kama niliyeuliza habari za gari moshi. Jiwe lipo. Limejaa michoro ya mkaa na mifuko ya plastiki. Ukingo wake bado mtupu, rangi ya kovu. Nilitafuta kwa magoti, nikakuta ndani ya ufa kipande kimoja cha manyoya, kikubwa kama shilingi, kikavu, cha kahawia. Nikakimwagia maji ya chupa nikahesabu. Kilifumbuka kabla sijafika hamsini. Nilitamani kisifumbuke.

Kesho yake nikapanda gari mpaka Bunda, na kutoka Bunda mpaka Kisorya. Sikupata shida kumpata. Alikuwa karibu na kivuko, ameinama juu ya nyavu zilizotandazwa, anageuza dagaa kwa fagio. Mgongo umepinda, mikono ni ileile.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unataka za kopo au za gunia?"

Nilipojitambulisha kwa kumtaja bibi, aliweka fagio chini. "Heh! Wewe? Ulikuwaga kadudu! Leo umekuwa mnara!" Akanikalisha kwenye ndoo, akauliza habari za kijiji, akafurahi kweli. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi mara sita, nikisahihisha. Nikayasema yote, panga, gunia, mchanga, mpaka nilivyokimbia.

Hakulia. Aliokota fagio akaendelea kugeuza dagaa, mstari mmoja, mstari wa pili.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi mama."

"Sasa unataka nikufanyie nini? Nikuchape? Nimezeeka. Nikwambie si kitu? Kilikuwa kitu. Nyumba yangu ilikuwa kule. Kaburi la mume wangu liko kule, mpaka leo silipalilii."

Feri ilipiga honi, watu wakaanza kukimbilia na mizigo yao. Ndipo akaniuliza, bila kuniangalia.

"Bibi yako alijua?"

Swali hilo halikuwepo kwenye karatasi yangu. Nilikuwa nimesafiri ili nisibaki na doa hata moja. Nilichotakiwa kusema ni neno moja tu. Nilimwona bibi na mwiba wake, kucha moja moja.

"Hapana mama. Amekufa hajui."

Alishusha pumzi ndefu, mabega yakashuka nayo. "Afadhali," alisema. "Wale wengine walinitukana, yakaisha. Yeye ndiye aliyeniuma. Miaka yote nilikuwaga nasema, yule alijua, akanyamaza. Kumbe nilimsingizia mwenzangu." Akaziba mdomo kwa pindo la kanga, na hapo ndipo alipolia. "Ukifika kaburini kwake, mwambie nimemkosea. Mwambie anisamehe."

Alinifungia furu kwenye karatasi. Siku hizi wameadimika, alisema, lakini hawa nimekutunzia, kana kwamba alijua nitakuja. Niliwapokea kwa mikono miwili.

Nilifika Nyasho Jumatatu mchana. Mwenye nyumba alinipokea getini, kicheko kimejaa. "Umenikimbia, brashi ukaiacha kwenye ndoo! Nimempata kijana amesugua. Nenda kaone panavyopendeza."

Nilikwenda nyuma. Ukuta ulikuwa mwekundu, safi, matofali kama yametoka tanuruni leo. Nikasema asante mama. Nikakaa kwenye cherehani, nikaiweka pembeni ile karatasi ya furu ambayo mpaka sasa sijaifungua, nikaanza pindo la sketi ya mtoto wa shule. Baada ya muda nikasimamisha mguu nikasikiliza.

Bomba bado linavuja. Ila hakuna to, to, to. Maji yanafika kwenye ukingo wa tofali, yanapinda, yanajipaka ukutani na kupotelea chini, na ndoo yangu imekaa pale kavu.